Nukta za Penseli

Nina mwandiko mzuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndio ulionipa kazi. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa nyuma ya dirisha lenye nondo katika ofisi ya usajili ya wilaya, nikiandika nani kazaliwa na nani kafariki. Wanaokuja kuandikisha watoto huwa na haraka, husukumana na kubishana kama jina lina herufi moja au mbili. Wanaokuja kuandikisha wafu hukaa kimya kwenye benchi mpaka niwaite mara ya pili.

Rejesta ya vifo ina safu tisa. Nane hazina shida: jina, umri, kazi, tarehe na mengine ya namna hiyo. Matata yako kwenye ya saba, Chanzo cha Kifo. Marehemu akifia hospitali, chanzo huja kimeandikwa na daktari. Akifia nyumbani, husemewa na yule aliyekuja dirishani, ambaye rejesta humwita mtoa taarifa. Mtoa taarifa akisema homa, naandika homa. Akisema presha, naandika presha. Kisha anatia sahihi, nagonga mhuri, nampa pole, na huyo anakwenda zake.

Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja tuliyemwita Mzee Wino, kwa sababu kila shati lake lilikuwa na doa la buluu mfukoni na mkewe alishakata tamaa ya kuyasugua. Wiki yangu ya kwanza alikuja baba mmoja kuandikisha kifo cha binti yake wa miaka ishirini na mbili. Tulipofika safu ya saba, yule baba akatazama sakafu. Nikauliza tena. Akaendelea kutazama sakafu. Mzee Wino akaninyanyua kitini, akakaa yeye, akaandika kwa herufi za kupendeza: ajali ya nyumbani. Baba akatia sahihi, akaondoka. Ndipo mzee akachukua penseli na kuweka nukta pembeni ya namba ya kifo, ndogo kiasi kwamba ungedhani ni uchafu wa inzi.

"Hiyo ya nini?" nikamuuliza.

"Ukiandika ukweli, mwanangu, polisi wataenda kuwahoji wafiwa kabla hata hawajazika. Majirani watakaa mbali na nyumba. Na binti hafufuki. Kwa hiyo wino unaandika wanachotaka wao, penseli inaandika kilichotokea. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikaiita huruma, na mpaka leo sijapata jina jingine la kuiita. Mzee Wino alipostaafu aliniachia kiti, mhuri na penseli, nami nikaendelea pale alipoishia. Homa ya ghafla, nukta. Presha, nukta. Watu walinishukuru kwa macho. Sokoni nilipewa nafasi ya mbele bila kuomba, na nilijua ni kwa nini, nao walijua kwamba najua.

Mwaka huu ikaja barua kutoka Wizara. Serikali, baada ya miaka mingi ya kujitia hamnazo, ilikuwa imepitisha mpango wa taifa wa kuzuia watu kujiua. Ile sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua akanusurika ilifutwa. Kutakuwa na namba ya simu ya bure kwa nchi nzima. Na wataajiriwa washauri, watu waliosomea kukaa na mtu aliyelemewa na kuongea naye, wapangwe kwenye hospitali za wilaya. Barua ilikuwa na mihuri mitatu. Nikaiweka kwenye jalada.

Baada ya barua akaja Daktari wa Wizara mwenyewe, mwanamke kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani na begi zito la kompyuta. Tukaitwa ukumbini sisi wakuu wa ofisi, tukapewa maji ya chupa, akatuonyesha ukutani jedwali la wilaya zote. Kila wilaya na mstari wake, kila mwaka na safu yake, idadi ya waliojiua kwa miaka kumi. Mstari wetu ulikuwa sufuri tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Hongereni sana," akasema Mkuu wa Wilaya, akaanza kupiga makofi. Watu wakamfuata. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Daktari hakupiga makofi. Akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo kwenye kumbi nyingi, kwamba washauri waliopatikana ni thelathini na wanane kwa nchi nzima. Watapelekwa kwenye mahitaji, na mahitaji yanapimwa kwa rejesta za vifo. Wilaya iliyofikisha watu ishirini kwa miaka kumi itapata mshauri. Isiyofikisha itapata mabango. Orodha ingefungwa baada ya wiki mbili.

Sisi tukapata mabango mia moja. Yana picha ya mwanamume anayecheka na simu. Tarishi wetu alibandika moja kwenye nondo za dirisha langu, likaziba nusu ya mwanga.

Sasa niseme ya nyumbani, maana bila hayo mtadhani niliyoyafanya baadaye niliyafanya kwa uzalendo. Sina uzalendo wa kiasi hicho.

Naishi na mama yangu na binti wa marehemu mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuezeka nyumba, wote wakimwita Fundi Bati. Alifariki miaka tisa iliyopita, mtoto akiwa na miaka kumi. Wifi yangu aliolewa kwingine, wala hatumlaumu, na mtoto akabaki kwetu. Alikuwa akiongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, ndiyo maana tukamwita Kasuku. Alikuwa na ulimi wa kumchekesha hata mama yangu, ambaye kucheka kwake ni kwa kalenda. Kitu kimoja tu alikiogopa, nacho ni ngazi. Aliambiwa baba yake aliteleza kwenye ngazi, na tangu hapo hakutaka mtu wa nyumba hii apande hata stuli. Taa ya kwenye korido iliungua mwaka juzi. Nilipoleta ngazi ya jirani ili nibadilishe balbu, Kasuku alilia mpaka nikairudisha. Tunapita pale kwa kupapasa ukuta.

Miezi mitatu kabla ya Daktari kuja, Kasuku alinyamaza. Alirudi likizo kutoka chuo cha ushonaji, likizo ikaisha, yeye hakwenda. Alilala kutwa akiutazama ukuta, nywele hazijachanwa. Ukimuuliza anaumwa wapi anasema, "Siumwi, Shangazi. Nimechoka tu." Nikampeleka hospitali. Muuguzi akampima kila kinachopimika pale, hakuona kitu, akanivuta pembeni.

"Mama, huyu anataka mtu wa kuongea naye. Mtaalamu. Hapa hatuna. Yuko hospitali ya rufaa, ni safari ya siku nzima, na foleni yake ni ya miezi minne."

Akatupa dawa za maumivu, nadhani kwa sababu aliona aibu kutuacha tuondoke mikono mitupu.

Ile namba ya bure nayo nilimpigia mwenyewe, nikamwekea simu sikioni. Muziki ukalia, sauti ya mwanamke ikasema wahudumu wote wanahudumia wengine, muziki ukalia tena. Kasuku akanirudishia simu. "Wana watu wengi," akasema, kama mtu anayewaonea huruma.

Jumamosi iliyofuata ule mkutano nilimkuta anagawa vitu. Mkasi wake wa chuo, aliokuwa hamruhusu mtu hata kuugusa, alimpa binti wa jirani. Viatu vya kutokea akampa mwingine. Aligawa kwa utulivu, na alitabasamu kidogo. Mama akafurahi. "Afadhali," akaninong'oneza, "mtoto anaanza kuchangamka."

Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Wiki ya mwisho ya maisha yake, mdogo wangu aligawa nyundo zake.

Nilimweleza mama kwa maneno machache, naye akaelewa bila kuuliza swali, jambo lililoniambia kwamba hata yeye alizikumbuka nyundo. Tangu siku hiyo Kasuku hakuachwa peke yake. Mama alihamishia godoro lake chumbani kwa Kasuku kwa kisingizio cha mgongo. Lakini mama ana miaka sabini na minne, mimi nina kazi, na kumchunga mtu si sawa na kumtibu.

Jumatatu asubuhi nilimtafuta Daktari kabla hajafunga begi lake. Nilimkuta ofisini kwa Mkuu wa Wilaya anasainiwa karatasi za safari.

"Daktari," nikamwambia, "zile sufuri ni za kwangu."

Akanitazama juu ya miwani. Nikamchukua mpaka stoo, nikafunga mlango, nikashusha rejesta za miaka kumi na kuzipanga sakafuni. Nikampa kioo cha kukuzia, kile tunachotumia kusomea sahihi zilizofifia. Nikamwonyesha nukta ya kwanza, kisha ya pili. Baada ya hapo hakuhitaji kuonyeshwa. Tulihesabu wote wawili, kila mmoja kivyake, tukapata idadi moja. Thelathini na nne.

Nilitegemea anigombeze. Yeye alikaa juu ya boksi la fomu akavua miwani.

"Nchi hii ina wilaya arobaini na moja zenye sufuri," akasema. "Nadhani kila moja ina mtu mwenye mwandiko mzuri kama wako." Akairudisha miwani usoni. "Lakini penseli si ushahidi, mama. Siwezi kupeleka nukta Wizarani. Sheria inaruhusu masahihisho kama yule aliyetoa taarifa atasaini fomu kwamba chanzo kilichoandikwa siyo. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Sasa hawashtakiwi tena, wala hawahojiwi. Ila wewe utahojiwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Alifungua rejesta moja ya miaka ya mwanzo, akipitisha kidole. Kidole kikasimama.

"Huyu ana jina la ukoo wako. Na mtoa taarifa pia."

"Mtoa taarifa ni mama yangu. Marehemu ni mdogo wangu. Aliteleza kwenye ngazi," nikasema, kwa sauti yangu ile ya dirishani.

"Pole sana," akasema Daktari, akafunua ukurasa, kwa sababu hapakuwa na nukta.

Niliandika ukurasa ule kwa mkono wangu. Mama alisimama upande wa pili wa nondo kama mwananchi yeyote, mkoba kifuani, akasema, "Andika aliteleza." Niliandika. Alipoondoka nilishika penseli, nikaishika muda mrefu, nikaiweka chini. Wafu wote wa watu niliwapa nukta yao. Wa kwangu nilimnyima.

Nilianza mizunguko siku hiyohiyo jioni, fomu za masahihisho ndani ya bahasha. Nyumba ya kwanza walinikaribisha vizuri mpaka nilipotaja nilichojia, kisha wakakumbuka wana safari. Ya pili yule mama alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia mwanawe alikufa kwa homa, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeandika. Ya tatu hawakufungua. Kwa siku tatu nilibisha milango tisa, na sikupata hata sahihi moja. Mtu uliyemsaidia kufukia kitu, ukirudi na jembe, anakuona mchawi.

Siku ya nne nilikwenda kwa Kinyozi. Mke wake alifariki miaka sita iliyopita, homa ya ghafla, nukta. Nilimkuta dukani kwake anafagia nywele. Hakuniacha nimalize.

"Dada," akasema, "mimi nimewanyoa wanaume wa mji huu wote. Fundi Bati nilimnyoa tangu hajaota ndevu. Yule alikuwa anatembea juu ya bati lililolowa kama anatembea sebuleni. Huyo ndiye aliyeteleza kwenye ngazi?"

Nikaisogeza bahasha chini ya kwapa.

"Mji mzima tulikuja msibani, tukasema ngazi, ngazi, pole kwa ngazi. Tulikuheshimu. Sasa unakuja unataka nimwanike mke wangu. Sawa. Sikatai. Anza na wako."

Akaendelea kufagia. Nilisimama pale nikiwaza kuhusu nyumba tisa nilizopita, kwamba wote walilijua hili na waliona haya kunitamkia.

Nilifika nyumbani jua bado kali. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Kutoka pale alipokaa aliweza kuliona pazia la chumba cha Kasuku. Nikakaa mkabala naye, nikatoa fomu nikaiweka juu ya rundo la shuka. Nikamweleza kwa sauti ya chini: mshauri, watu ishirini, wiki moja iliyobaki, Kinyozi.

Mama akaichukua fomu, akaiweka pembeni, akaendelea kukunja.

"Mwanangu aliteleza."

"Mama."

"Siku ile aliteleza."

"Mama, mimi na wewe ndio tuliomkuta."

Mikono yake ilisimama. Sitasema tulimkuta vipi. Nimesoma karatasi nyingi za namna hiyo na najua kusimulia hakumsaidii mtu. Nitasema tu kwamba hapakuwa na ngazi. Ngazi niliileta mimi kutoka nyuma ya nyumba, nikailaza pale kabla majirani hawajaingia, na mama aliniangalia nikifanya hivyo na hakunikataza.

"Unataka mtoto asikie baba yake alimwacha kwa kupenda?" akasema mama. "Hivi alivyo sasa? Si ndiyo utakuwa umemsukuma?"

Hilo ndilo nililoliogopa hata mimi. Niliogopa kiasi kwamba nilishanyoosha mkono niirudishe fomu kwenye bahasha.

Pazia likasogea. Kasuku alisimama mlangoni, amevaa fulana ya siku mbili, alama za mto shavuni. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi.

"Hakukuwa na ngazi?" akauliza.

Mama akafunika uso kwa shuka aliyokuwa anaikunja.

"Hakukuwa na ngazi," nikasema. "Baba yako alikuwa anaumwa, Kasuku. Alinyamaza kama ulivyonyamaza wewe. Alisema amechoka. Sisi tukadhani ni kazi, tukamwambia apumzike. Aligawa nyundo zake, tukamsifu kwa ukarimu. Hakukuacha kwa kupenda. Alizidiwa, na hakuna aliyejua la kufanya. Halafu mimi nikaandika uongo, kwa mwandiko mzuri."

Alikaa chini palepale alipokuwa, mgongo ukutani. Nikasubiri alie. Hakulia. Alipoongea ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu kusema zaidi ya maneno matano.

"Miaka tisa mmeniacha naogopa ngazi," akasema.

Akageuka kutazama korido isiyo na taa.

"Mimi nilidhani nimeharibika peke yangu. Humu ndani nyote wazima. Mnaamka, mnaoga, Shangazi anakwenda kazini, Bibi anakunja nguo. Nikasema basi mimi ndiye niliyetoka vibaya, nyumba itapumua nikitoka. Kumbe Baba alikuwa nayo hiihii." Akajifuta pua kwa kiganja. "Alikuwa anasemaje? Alisema imemkaa wapi? Kwa sababu mimi inanikaa hapa." Akajishika chini ya shingo.

"Hapohapo," akasema mama ndani ya shuka. "Alikuwa anajishika hapohapo."

Ndipo Kasuku akalia, na mama akashuka kutoka kwenye kiti chake kwa shida, magoti yakimlia, akakaa naye sakafuni. Mimi nilibaki nimekaa na fomu yangu kama mtu aliyekuja kwenye nyumba ya watu kutafuta sahihi. Nililia pia. Nilimlilia mdogo wangu, jambo ambalo kwa miaka tisa sikuwa nimelifanya sawasawa, kwa sababu mtu aliyekufa kwa uongo hata kumlilia unamlilia nusunusu.

Mama alisaini kabla ya jioni. Aliandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, kisha akaisogeza karatasi mbali naye kama sahani asiyoitaka. Kasuku aliomba aione. Aliisoma mara mbili, akanirudishia.

Kesho yake nilimpelekea Kinyozi nakala. Aliisoma amesimama mlangoni pa duka lake, mteja akiwa amekaa, kichwa kimenyolewa nusu. Akaniomba kalamu. Alipomaliza kuandika akaniambia, "Aliimba vizuri sana, mke wangu. Baada ya kufa kwake hakuna mtu anayemtaja mbele yangu. Wanadhani wananihurumia." Kisha akarudi kumalizia kichwa cha watu.

Nyumba zilizobaki nilizipitia nikitanguliza karatasi ya kwangu. Wengine walikataa mpaka mwisho, na siwalaumu. Yule mama wa homa alinifuata mwenyewe ofisini, akasimama dirishani, akasoma lile bango la mtu anayecheka, akasema, "Nipe na mimi nisaini." Siku orodha inafungwa nilikuwa na fomu ishirini na tatu. Nilikaa mchana mzima nikisahihisha rejesta kwa wino mwekundu, kama sheria inavyotaka. Nilipofika kwa mdogo wangu niliandika polepole. Kujiua. Ni neno fupi. Nilikuwa nimelizunguka kwa miaka ishirini na sita.

Baada ya wiki moja nilipata barua ya kusimamishwa kazi, uchunguzi unaendelea, na nitahojiwa mbele ya kamati. Sikushangaa. Mrithi wangu ana mwandiko mbaya sana.

Mshauri hakuja kesho yake, wala mwezi uliofuata. Serikali ina mwendo wake. Daktari alitupa namba yake mwenyewe, akatueleza vitu vya kuondoa nyumbani, na maneno ya kusema na yasiyofaa kusemwa. Tukalala kwa zamu. Ile namba ya bure tulipiga tena na tena, na siku moja muziki ukakatika akapokea kijana wa kiume mwenye mafua, akaongea na Kasuku dakika arobaini. Kuna siku Kasuku aliamka akaoga. Kuna siku hakugeuka hata kutazama mlango. Mama alikonda. Katika kipindi hicho watu wengine wawili wa wilaya hii walikufa hivyohivyo, mmoja ni binamu wa Kinyozi, na mrithi wangu akawaandika kama ilivyo kwa ule mwandiko wake wa kuku. Angalau wameandikwa. Ni faraja ndogo, na nikiitafakari sana inaisha.

Mshauri alifika katika mwezi wa tatu wa kungoja. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mifagio, nyuma ya maabara, na bado kinanuka dawa ya kudekia. Siku ya kwanza nilimpeleka Kasuku. Benchi la nje lilikuwa limejaa. Kinyozi alikuwepo, anatazama mikono yake. Yule mama wa homa alikuwepo na mwanawe wa pili. Nilizijua karibu nyuso zote, na nilijua kila mmoja yuko ukurasa gani. Walisogea tukapata pa kukaa.

Muuguzi akagawa fomu za kujaza. Kasuku akaiweka juu ya goti akaisoma kuanzia juu. Nikachungulia. Jina, umri, kazi. Kuna sehemu inayouliza kama kuna ndugu wa karibu aliyewahi kujiua, na kama yupo, ni nani kwako.

"Shangazi, una kitu cha kuandikia?"

Nikaingiza mkono kwenye mkoba bila kutazama, nikampa nilichoshika. Alikigeuza vidoleni. Ilikuwa ile penseli ya Mzee Wino, imebaki fupi kama kidole gumba.

Akanirudishia.

"Hapana," akasema. "Nipe ya wino."